Gofu: Namna kijana anavyoweza kupunguza mikwaju kwa mazoezi yenye mpango

JIONI nyingi, katika viwanja vya gofu vya Dar es Salaam, Arusha, Moshi na hata Nairobi, huonekana picha inayofanana. Kijana wa miaka 14 au 15 amesimama katika eneo la mazoezi, pembeni mwake ipo ndoo ya mipira, na mkononi ameshika draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote katika begi. Hupiga mpira mmoja baada ya mwingine kwa nguvu zake zote na kuutazama unavyopaa. Ndoo inapokwisha, hufunga begi lake na kurudi nyumbani akiamini kuwa amefanya mazoezi ya kutosha.

Mwisho wa wiki, anapoingia katika mashindano ya klabu, kadi yake ya alama huonyesha mikwaju 94. Mwezi uliopita ilikuwa 93, na mwezi uliotangulia 95. Kijana amepiga mamia ya mipira, lakini alama zake zimebaki palepale.

Hasara yake si ndogo. Gofu ni mchezo wenye gharama, na mzazi hulipia mipira ya mazoezi, ada ya uwanja, ujira wa kedi na nauli. Kijana naye hutoa muda ambao angeutumia kwa masomo. Mbele yake kuna nafasi katika timu ya taifa ya vijana, na hata ufadhili wa masomo ambao vyuo vikuu vya Marekani huutoa kwa wanagofu chipukizi. Nafasi hizo hutolewa kwa kuangalia alama zilizoandikwa katika kadi, si umbali ambao mpira uliruka siku ya mazoezi. Wengi hukata tamaa na kuuacha mchezo wakidhani hawana kipaji, kumbe walichokosa ni mpango.

Thamani ya mkwaju mmoja

Katika gofu, mpira uliopigwa umbali wa mita 250 huhesabiwa mkwaju mmoja, na mpira uliosukumwa sentimita 50 kuingia shimoni nao huhesabiwa mkwaju mmoja. Kanuni hii inajulikana na kila mchezaji, lakini ni wachache wanaoizingatia wanapopanga mazoezi yao.

Wapenzi wa mchezo huo Afrika Mashariki wanao mfano wa jinsi mkwaju mmoja unavyoweza kubadili historia. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, na hadi mwaka 2025 hakuna Mkenya aliyewahi kuyashinda. Aliyekaribia kabisa ni Jacob Okello, mwaka 1998. Baada ya kucheza mashimo yote 72 kwa siku nne, Okello alikuwa sawa na Ricardo González wa Argentina, na mshindi akatafutwa kwa mashimo ya ziada. González ndiye aliyeondoka na ubingwa. Iwapo Okello angepunguza mkwaju mmoja tu katika shimo lolote kati ya yale 72, leo Kenya ingekuwa na bingwa wake.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo kijana anapaswa kujiuliza si namna ya kupiga mpira mbali zaidi. Anapaswa kujiuliza mikwaju yake inapotelea wapi.

Daftari kabla ya ndoo ya mipira

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tatizo la wachezaji wengi chipukizi ni kwamba hawajui ufa wenyewe uko wapi. Kadi ya alama huonyesha jumla ya mikwaju katika kila shimo, lakini haionyeshi mikwaju hiyo ilitumikaje. Ndiyo maana walimu wengi wa mchezo huu huwataka wanafunzi wao kuweka kumbukumbu ya ziada katika daftari dogo.

Mambo ya kuandika kwa kila shimo ni machache. Kwanza, je, mpira wa kwanza ulibaki mahali panapochezeka? Pili, je, kulikuwa na mkwaju wa adhabu? Tatu, je, mpira uliopigwa kutoka kando ya grini, lile eneo la nyasi fupi sana lenye shimo, ulifika ndani ya grini hiyo? Nne, mchezaji alisukuma mpira mara ngapi akiwa juu ya grini?

Tuchukue mfano wa kijana aliyemaliza uwanja kwa mikwaju 94, ambapo pari, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji mahiri, ni 72. Daftari lake linaonyesha kuwa katika mashimo matano alisukuma mpira mara tatu badala ya mbili, hivyo akapoteza mikwaju mitano. Mara mbili mpira ulitoka nje ya mipaka. Kila mara alilazimika kuongeza mkwaju wa adhabu na kurudia kupiga kutoka mahali pa awali, jambo lililomgharimu mikwaju minne. Mpira mmoja uliingia majini na kumwongezea mkwaju mmoja. Katika banka, yale mashimo yaliyojazwa mchanga, alihitaji mikwaju miwili ya ziada kutoka. Na mara nne alipiga mpira mfupi kutoka kando ya grini ukashindwa kufika.

Jumla ya mikwaju hiyo ni 16. Bila kubadili chochote katika namna anavyozungusha fimbo, na bila kuongeza hata mita moja katika draiva yake, kijana huyu ana mikwaju 16 iliyodondoka njiani. Si rahisi kuiokota yote, kwani hata mabingwa wa dunia husukuma mara tatu siku nyingine. Lakini akiokoa nusu yake tu, 94 itakuwa 86.

Daftari la raundi tano linatosha kuonyesha mwelekeo. Raundi moja inaweza kudanganya, kwa kuwa kila mchezaji huwa na siku mbaya. Kosa linalojirudia katika raundi tatu kati ya tano ndilo linalostahili muda wa mazoezi.

Takwimu zinasema nini

Kwa miaka mingi wachezaji wamekuwa wakiambiwa kuwa gofu hushindwa au hushindikana juu ya grini tu. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani, alichambua mamilioni ya mikwaju, hasa ile ya wachezaji wa kulipwa wa nchi hiyo, na kuchapisha matokeo yake katika kitabu mwaka 2014. Alibaini kuwa takribani theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji bora na mchezaji wa kawaida hutokana na mikwaju inayopigwa kutoka umbali wa zaidi ya yadi 100, yaani kama mita 91. Theluthi moja iliyobaki hutokana na mikwaju mifupi na kusukuma.

Matokeo hayo hayamaanishi kuwa kijana wa ndoo na draiva alikuwa sahihi. Mkwaju mrefu unaomnufaisha mchezaji ni ule unaobaki ndani ya uwanja na kumpa nafasi ya mkwaju unaofuata. Mpira unaokwenda mbali lakini ukaishia vichakani humrudisha nyuma kuliko mpira wa wastani uliobaki katikati ya njia.

Funzo lake ni kwamba mazoezi yanapaswa kugawanywa, na mgawo utoke katika daftari la mchezaji mwenyewe. Asiyepoteza mipira lakini husukuma mara tatu kila wakati ana dawa yake. Anayesukuma vizuri lakini hutoka nje ya mipaka mara nne kwa raundi ana dawa nyingine.

Kuanzia shimoni kurudi nyuma

Ukishajulikana ufa ulipo, njia nzuri ya kumjenga kijana ni kuanzia shimoni na kurudi nyuma taratibu hadi kwenye tii. Hivi ndivyo Earl Woods alivyomfundisha mwanawe Tiger. Alianza na kusukuma mpira karibu na shimo, kisha akasogea nje ya grini, na draiva ikaja mwisho. Aidha, Tiger aliwekewa pari yake mwenyewe kulingana na umri na nguvu zake, ili mtoto aweze kuifikia na kuivuka badala ya kuvunjwa moyo na pari ya watu wazima.

Juu ya grini kuna stadi mbili tu za kujifunza: kusukuma mpira katika mstari ulionyooka kutoka karibu, na kupima nguvu kutoka mbali.

Kwa stadi ya kwanza, zoezi linalotumiwa na Tiger Woods ni rahisi na halina gharama. Vijiti viwili vya tii huchomekwa ardhini, nafasi kati yake ikizidi kidogo tu upana wa kichwa cha fimbo ya kusukumia. Mchezaji husukuma mpira kupitia lango hilo bila kugusa vijiti. Fimbo ikipita vizuri, mpira hunyooka. Ikigusa kijiti, mchezaji hupata jibu papo hapo bila kuhitaji mwalimu wa kumwambia.

Zoezi jingine linahusishwa na Phil Mickelson, bingwa wa Masters mwaka 2004. Huyu alipanga mipira 10 kulizunguka shimo, kila mmoja ukiwa umbali wa futi tatu, takribani sentimita 90, na kujiwekea lengo la kuingiza mipira 100 mfululizo. Akikosa mmoja, huanza upya. Kijana hana haja ya kuanza na 100. Anaweza kuanza na 10 mfululizo, kisha 20, kisha 30. Anapofika mpira wa 28 na mikono ikaanza kutetemeka, hapo ndipo mazoezi yanapofanana na mashindano.

Kwa stadi ya pili, ni vema kijana ajue ukweli kuhusu umbali. Takwimu za Broadie zinaonyesha kuwa hata wachezaji wa kulipwa wa Marekani, kutoka futi nane, yaani karibu mita mbili na nusu, huingiza mpira mara moja kati ya mbili tu. Kutoka futi 20, takribani mita sita, huingiza kama asilimia 15. Kwa hiyo kijana aliye mita 10 kutoka shimoni hapaswi kuhangaika kuingiza. Kazi yake ni kuufikisha mpira mahali ambapo mkwaju wa pili utakuwa rahisi. Zoezi lake ni kusukuma mipira kutoka mita 6, 9 na 12 kwa kubadilishana, na kuhesabu ni mingapi iliyosimama ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka shimoni. Mikwaju mitatu juu ya grini hutokana zaidi na kukosea nguvu kuliko kukosea mwelekeo.

Mita 30 za mwisho

Mchezaji chipukizi hukosa grini mara nyingi kuliko anavyoipata kwa mkwaju unaotarajiwa. Hivyo mkwaju mfupi kutoka kandokando ni silaha atakayoihitaji karibu kila shimo.

Kosa la kawaida ni kutaka kuurusha mpira juu kila wakati kama inavyoonekana kwenye televisheni. Mkwaju wa juu unahitaji ustadi mkubwa, na ukikosewa mpira huvuka grini au hubaki miguuni. Pale ambapo hakuna kizuizi kati ya mpira na shimo, mkwaju salama ni ule unaoruka kidogo, unaotua ndani ya grini mapema iwezekanavyo, kisha ukabingirika kama uliosukumwa. Zoezi lake ni kutandika taulo dogo mahali anapotaka mpira utue na kujaribu kuligonga. Mchezaji hulitazama taulo na kulisahau shimo. Baada ya wiki chache ataanza kuelewa kuwa kila fimbo ina uwiano wake wa kuruka na kubingirika.

Historia ya Seve Ballesteros inafaa kusimuliwa kwa vijana wasio na seti kamili ya fimbo. Mhispania huyo, aliyezaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha Pedreña, alikuwa kedi akiwa mtoto. Alijifunza mchezo kwa fimbo moja tu, ya chuma namba 3, akipiga mipira ufukweni mwa bahari. Kwa kuwa hakuwa na fimbo nyingine, ilimbidi aifunze ile moja kufanya kazi za fimbo zote. Mwaka 1978 alitwaa Kenya Open, na mwaka uliofuata akashinda The Open ya Uingereza, taji la kwanza kati ya mataji makubwa matano aliyoyapata. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walioanzia kwenye ukedi wanaifahamu hali hiyo ya kuwa na fimbo moja au mbili za kuazima. Upungufu wa vifaa si sababu ya kushindwa kuwa hodari karibu na grini.

Kuhusu banka, mchezaji hapaswi kuugonga mpira wenyewe. Fimbo huingia mchangani sentimita chache nyuma ya mpira, na mchanga ndio unaoubeba mpira nje. Zoezi la kuanzia ni kuchora mstari mchangani na kupiga mstari huo bila mpira, hadi fimbo itakapokuwa inaingia mahali palepale kila mara. Lengo la mwanzo ni moja tu, kutoka kwa mkwaju mmoja.

Kujua umbali wa kila fimbo

Ukimuuliza kijana fimbo yake ya chuma namba 7 hupeleka mpira umbali gani, atataja umbali wa ule mkwaju mmoja mzuri kuliko yote aliyowahi kuupiga. Jibu hilo humgharimu uwanjani, kwa sababu mipira yake mingi huishia kabla ya grini, ambako ndiko banka nyingi ziliko.

Njia sahihi ni kupiga mipira 10 kwa fimbo hiyo, kuondoa miwili mibaya kabisa na miwili mizuri kabisa, na kuchukua wastani wa sita iliyobaki. Umbali huo huandikwa katika daftari kwa kila fimbo. Kijana anayekua anapaswa kurudia kipimo hicho kila baada ya miezi michache, kwani nguvu na kimo chake hubadilika.

Jambo jingine linalosahaulika ni mwinuko wa mahali. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Arusha iko takribani mita 1,400. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, hivyo mpira huenda mbali zaidi kuliko Dar es Salaam au Mombasa kwa mkwaju uleule. Kijana wa pwani anayesafiri kwenda kushindana Nairobi bila kulijua hilo atashangaa kuona mipira ikivuka grini. Hali kadhalika nyasi hutofautiana. Nyasi za kikuyu zinazopatikana katika viwanja vingi vya Kenya ni nene na hushika kichwa cha fimbo, hasa karibu na grini. Ndiyo maana siku ya mazoezi kabla ya mashindano ugenini si ya kutembea na kupiga picha, bali ya kupima umbali na kuzoea nyasi.

Draiva kwa adabu

Draiva ina nafasi yake, na kijana hapaswi kuiogopa. Anachopaswa kuacha ni kuipiga bila shabaha.

Katika eneo la mazoezi, achague vitu viwili vya mbali, kwa mfano mti na nguzo, na kuvifanya kuwa kingo za njia yenye upana kama wa ile ya uwanjani. Apige mipira 10 na kuhesabu mingapi imebaki ndani. Akipata saba, aibane njia. Akipata minne, basi apunguze nguvu hadi apate saba.

Uwanjani, uamuzi wa kutumia draiva uzingatie adhabu iliyopo. Mpira ukitoka nje ya mipaka, mchezaji huongeza mkwaju wa adhabu na kurudi kupiga pale alipokuwa, hivyo mpira wake unaofuata kutoka kwenye tii ni mkwaju wa tatu. Ni vivyo hivyo kwa mpira uliopotea, na tangu mwaka 2019 muda wa kuutafuta ni dakika tatu tu. Katika shimo jembamba lenye ukuta upande mmoja, fimbo fupi inayoacha mpira mita 40 nyuma lakini katikati ya njia ni bora.

Kuchanganya fimbo

Hata anayejua cha kufanyia mazoezi anaweza kukosea namna ya kukifanya. Kupiga mipira 50 mfululizo kwa fimbo moja kuelekea shabaha moja humpa mchezaji hisia nzuri, kwani mwili huzoea na mipira 20 ya mwisho hunyooka. Lakini uwanjani hakuna mahali ambapo mchezaji hupiga fimbo ileile mara 50. Hupiga draiva, hutembea, hupiga chuma, hutembea tena, kisha husukuma.

Mwaka 1979, watafiti John Shea na Robyn Morgan walifanya jaribio ambalo hadi leo hutajwa katika elimu ya michezo. Walilinganisha watu waliojifunza miondoko ya mkono kwa kurudia mmoja hadi uishe na waliojifunza kwa kuichanganya. Wakati wa kujifunza, kundi la kwanza lilifanya vizuri zaidi. Walipopimwa tena baada ya siku 10, waliochanganya ndio waliokumbuka vizuri zaidi.

Kwa mwanagofu, maana yake ni kwamba akiwa katika eneo la mazoezi acheze uwanja mzima kichwani. Apige draiva kana kwamba yuko shimo la kwanza, kisha achague fimbo ambayo angeihitaji kwa mkwaju unaofuata, abadilishe shabaha, na kabla ya kila mkwaju arudi nyuma ya mpira na kutazama mstari kama afanyavyo katika mashindano. Mipira 30 iliyopigwa hivyo ina faida kuliko 100 iliyopigwa kwa haraka, na mzazi hulipia ndoo chache. Kurudia fimbo moja kuna nafasi yake pale tu mchezaji anapojifunza jambo jipya kutoka kwa kocha.

Ratiba ya wiki

Kwa mwanafunzi mwenye saa moja na nusu, siku tatu kwa wiki, mgawo wa kuanzia unaweza kuwa hivi: dakika 30 za kusukuma, dakika 30 za mikwaju mifupi na banka, na dakika 30 za fimbo ndefu na za kati kwa kuchanganya. Baada ya mwezi, daftari litasema ni sehemu gani iongezewe dakika na ipi ipunguziwe.

Kila wiki pawepo na mtihani mmoja. Mchezaji huweka mpira mahali tisa tofauti kandokando ya grini, hupiga mkwaju mfupi kisha husukuma hadi uingie, na kuandika jumla. Mikwaju 18 ni kiwango cha juu sana kwa kijana. Aliyeanza na 27 na baada ya miezi miwili akafikia 23 anajua kwa hakika kuwa amepiga hatua, hata kama kadi ya mashindano bado haijaonyesha.

Siku ambayo haiwezekani kufika klabuni haipotei bure. Kusukuma mpira juu ya zulia kupitia lango la vijiti au vikombe viwili kunawezekana sebuleni.

Hata hivyo, mwili wa kijana bado unakua. Kuzungusha draiva kwa nguvu mara nyingi kwa siku huumiza mgongo na viwiko. Fimbo za mtu mzima zilizokatwa mpini mara nyingi huwa nzito mno kwa mtoto na humfundisha mkao mbovu. Anywe maji ya kutosha juani, acheze michezo mingine, na apumzike. Aidha, kocha mwenye sifa atazame namna anavyoshika fimbo na anavyosimama walau mara chache kwa mwaka, kwa sababu kosa la mkao likishazoeleka huwa gumu kuondoa.

Wazazi wasubiri

Mabadiliko hayaonekani kwa wiki moja, na hapa ndipo wazazi wengi hukosa subira. Mfumo wa dunia wa handikapu ulioanza kutumika mwaka 2020 unaweza kuwasaidia kuelewa. Mfumo huo huchukua alama nane bora kati ya raundi 20 za karibuni za mchezaji. Raundi moja mbaya haiwezi kumwangusha, na raundi moja nzuri haiwezi kumpandisha sana. Mchezaji hupimwa kwa kiwango anachoweza kukirudia.

Mzazi anayesubiri kando ya shimo la 18 ana desturi ya kuuliza swali moja: umepiga mikwaju mingapi? Huenda ingefaa aongeze la pili: ngapi kati ya hizo zilikuwa za kusukuma, na ngapi za adhabu? Kijana mwenye daftari atakuwa na jibu, na jibu hilo ndilo litakaloamua Jumanne jioni aanze na fimbo ipi.